Nyongeza ya Mshono

4 Februari

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, nakula vizuri, na ninaandika nikiwa nimevaa soksi mbili mbili kwa sababu chombo cha kupasha joto ofisini kwetu kina akili zake. Wewe je? Mguu unaendeleaje? Wateja bado wanakuletea vitambaa leo na kutaka nguo jana?

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inalala kitandani kwa baba, na kila ninachokuuliza wewe anakijibu yeye. "Niko vizuri, soma." Ndiyo hotuba yake yote. Na najua ile ya kwako ya vibonyezo huwezi kuitumia bila yeye kusikia, maana umehamishia cherehani chumbani kwake. Kwa hiyo tuandikiane. Barua hazina sauti.

Shangazi, nesi jirani yenu amenieleza yote. Kwamba vumbi la mawe limekausha mapafu ya baba, kwamba halitoki tena, na kwamba hospitali imewaazima mashine ya kumpa hewa. Amenieleza pia habari za kile kidude cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni ya damu kwa namba. Mtu mwenye afya hupata tisini na saba, tisini na nane. Na daktari amesema ikikaa chini ya themanini huku mashine inanguruma, waitwe walio mbali. Hapo "walio mbali" ni mimi peke yangu, Shangazi. Wengine wote mko humo humo.

Ninachokuomba: kila asubuhi, kabla hajanywa chai, akiwa amekaa kitako, mvalishe kidude, ngoja namba itulie, uiandike kwenye daftari. Kisha unitumie. Ningekuwa hapo ningefanya mwenyewe.

Halafu uliniuliza zamani huku ninafanya nini hasa, nikakujibu ovyo ovyo. Nakujibu sasa, na usinicheke. Napima oksijeni. Si ya mtu. Iko galaksi moja, kundi la nyota zisizohesabika, lenye mikono iliyojisokota kama konokono. Katikati ya hiyo mikono mna mawingu ya gesi, na gesi hiyo ikipashwa joto na nyota changa hutoa mwanga. Tunaupasua ule mwanga rangi kwa rangi, na kila kitu kilichomo kina mistari yake: hidrojeni yake, nitrojeni yake, oksijeni yake. Mimi nasoma mistari, naandika ni kiasi gani. Watu wanadhani nakesha na darubini. Nakaa kwenye kiti kibovu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, dirisha langu linatazama maegesho ya magari.

Nisalimie baba bila kumwambia nimeandika nini.

Mwanao


27 Februari

Marahaba, Bibi Nyota!

Barua yako imefika imekunjamana kama iliyokaliwa, lakini imefika. Sisi hatujambo. Mguu wangu ni ule ule, mvua ikitaka kunyesha wenyewe unajua kabla ya redio. Wateja hawajabadilika. Juzi amekuja yule mama mwenye duka la vitabu, nguo niliyomshonea mwaka juzi haimwingii, analia kama mtoto. Nikamwambia kaa hapo. Nikaifumua, nikatoa kitambaa nilichokuwa nimekiacha ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, nikamrudishia imemkaa sawasawa. Akaniuliza nilijuaje. Sikujua kitu. Mimi kila kipimo nikishakiandika naongeza, hata wewe sare zako za shule ulizivaa miaka mitatu mitatu, umesahau? Fundi anayekata kwa kipimo kamili hajui watu.

Baba yako nimemsomea kile kipande cha oksijeni. Samahani, nilishindwa kunyamaza. Amecheka mpaka akakohoa, nikajuta. Alipopumua akasema, "Mwambie akija alete kidogo." Kisha akaangalia mikono yake. Akaniagiza hivi, nami nakuandikia alivyosema: usiitwe mpaka umalize. Amenifanya niahidi.

Namba hizi hapa, kuanzia tarehe kumi na tano: 94, 94, 94, 94, 94, 94, 94, 94, 94, 94, 94, 94. Unaona? Amesimama pale pale. Kwa hiyo soma mistari yako ya rangi na ule vizuri. Soksi vaa tatu.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini mvua imenyesha na mguu umepumzika. Mimi mzima. Mwenzangu wa meza ya jirani amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo nimebaki ofisini na profesa tu, na profesa si mtu wa kuzungumza naye habari za soksi.

Nimecheka habari za mama wa duka la vitabu. Kisha nimefika kwenye namba zako, nikaacha kucheka.

Hizo namba umezitunga.

Usikasirike. Ngoja nikueleze nilivyojua. Kuna wingu moja la gesi kwenye ule mkono wa nje wa galaksi yangu, nimelipima mara nne, kwa chombo kile kile, kwa mkono huu huu. Nimepata majibu manne. Yanakaribiana, lakini ni manne. Ndivyo kitu cha kweli kilivyo ukikipima: kinatetemeka. Leo baba amekaa vibaya, kesho vidole vya baridi, keshokutwa ameota ndoto mbaya, namba inapanda, inashuka. Zako zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Siku kumi na mbili! Hata mimi niliye mzima sijawahi kuwa sawa na jana yangu siku kumi na mbili.

Kazi yangu yote ni kujua namba ya kweli na ya uongo, Shangazi. Sina ujuzi mwingine. Siwezi kumpikia, siwezi kumgeuza kitandani, siwezi kumsugua mgongo. Hiki kimoja ninachokiweza usininyime. Nitumie zilizotetemeka.

Mwanao anayekupenda hata ukidanganya


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mpe hongera huyo mwenzako, mtoto wa kike ni mshonewa nguo. Kwetu nyumba iko pale pale. Paa la jikoni limeanza kuvuja, fundi amekuja akaangalia, akakuna kichwa, akaenda zake.

Umenishika. Sikujua kuna shule ya kuwafundisha watu kuwakamata shangazi zao. Niliandika moja, nikaona imependeza, nikaendelea nayo. Nisamehe.

Sasa nakuandikia kutoka kwenye daftari. Machi ilianza na 93, 92, 94, 92, 93. Katikati ya Machi 91, 93, 92, 92. Aprili mpaka leo: 91, 92, 90, 91, 89, 91, 90, 92, 89, 90, 91, 89, 90, 89, 90. Zinatetemeka? Umeridhika? Nilipokuwa nazinakili mkono wenyewe ulitetemeka, kwa hiyo zimetetemeka mara mbili.

Amepungua. Nilimpima kiuno nimrekebishie suruali, nikapima tena nikidhani utepe umejikunja. Sikuandika. Lakini anakula, na anabishana na redio. Mchana nikishona mashine yake inanguruma na yangu inanguruma, basi anasema tumefungua kiwanda.

Usihesabu sana. Soma.

Shangazi


8 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Asante. Asante sana. Nilipoona 92 halafu 89 nililia kidogo, kwa furaha, ujue nilivyoharibika. Mimi sijambo. Tarehe ya kutetea tasnifu yangu imepangwa: Ijumaa, tarehe tatu Julai, saa nne asubuhi. Nimekata tiketi ya tarehe nane.

Nimezichora namba zako kwenye karatasi ya miraba. Tarehe chini, oksijeni pembeni. Nimepitisha mstari katikati yake kama ninavyofanya kazini. Kazini nachora kutoka kitovu cha galaksi kwenda ukingoni, maana katikati oksijeni ni nyingi na kadiri unavyotoka nje inapungua, na mteremko huo ndio tasnifu yangu yote. Sikuwahi kufikiri nitamchora baba.

Anashuka namba moja kila siku kumi na tano. Kutoka tisini mpaka themanini ni siku mia na hamsini, yaani katikati ya Septemba. Nitakuwa nimefika zamani. Nitakuwa nimekaa naye miezi miwili.

Lakini kuna jambo linanisumbua, na nitakueleza kwa sababu wewe ni fundi utaelewa. Katika kazi yetu tuna ugomvi wa miaka mingi. Kuna rula mbili za kupimia oksijeni ya kule. Moja inatumia mstari mmoja dhaifu sana, unaoonyesha joto la gesi, hata kuuona ni bahati. Nyingine inatumia mistari minene na hesabu za kompyuta. Ukipima galaksi moja kwa rula zote mbili, mteremko unakaribia kuwa ule ule. Lakini kiasi chenyewe kinapishana, mara mbili, wakati mwingine mara tatu! Wote tunajua inavyoshuka. Hakuna anayejua inashuka kutoka wapi. Na hakuna wa kwenda huko na ndoo akachota. Nilipomuuliza profesa tufanyeje, alisema tuandike mteremko na tusilipigie kelele lile lingine.

Kwa hiyo mteremko wa baba naujua. Nataka kuhakikisha na kimo. Nifanyie jaribio moja: kidude hicho kivae wewe kwenye kidole chako. Kikisema tisini na saba au nane, kiko sawa. Kikisema zaidi ya hapo au pungufu, nijulishe nirekebishe mstari wangu.

Mwambie baba nitaleta kidogo, kama alivyoagiza.

Mwanao


31 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima kwa uzima tulionao. Fundi wa paa hajarudi.

Kidude nimekivaa. Kimesema 98. Kiko sawa.

Namba za wiki hii: 87, 88, 86, 87, 88, 86, 87.

Najua Jumapili ile ulipopiga simu ulimsikia anahema. Alikuwa ametoka bafuni wakati huo huo, ndiyo maana. Usiliweke moyoni.

Nina nguo sita za harusi za kumaliza, nisamehe kwa ufupi. Tetea kitu chako kwanza.

Shangazi


22 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Asante kwa jaribio, na asante kwa namba. Zimeangukia kwenye mstari wangu vizuri kabisa, kama nilivyotabiri.

Mimi nipo, silali vizuri lakini nipo. Zimebaki siku kumi na moja. Profesa ananifanyia majaribio ya maswali kila mchana, ananiuliza, namjibu, ananiambia nijibu polepole. Nimenunua viatu. Vinabana.

Kuna swali nilitaka kukuuliza, nimeliandika hapa mara mbili na mara mbili nimelifuta, utaona karatasi imechakaa. Tuliache. Tutaongea nikija. Namba za Juni usinitumie tena, barua haitaniwahi.

Mbusu baba kwenye paji la uso. Akikuuliza umepatwa na nini, mwambie umeagizwa.

Mwanao


24 Julai

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na mabegi yako yote. Nesi anakusalimia. Mama wa duka la vitabu pia, alikuja na ua, nikaliweka kwenye jagi maana sina chombo kingine. Mashine hospitali wameichukua. Chumba kimenyamaza, nimerudisha cherehani sebuleni, sikuweza kushona mle.

Siku nane ulizokaa hapa tumelala kitanda kimoja. Tumekula sahani moja, tumepokea wageni pamoja, tumekunja nguo zake pamoja. Hukuniuliza kitu nami sikusema kitu. Kila ulipoingia jikoni nilijua sasa anauliza, nikafungulia bomba maji yangurume. Ile barua yako ya Juni ilifika tarehe kumi na tatu, wewe ukiwa bafuni. Niliificha chini ya kitambaa cha mezani na tukanywea chai juu yake. Nimeisoma ulipoondoka. Nimeiona karatasi ilivyochakaa.

Nakujibu swali hata kama hukuliandika.

Niliongeza tano. Kwenye daftari niliandika alivyokuwa, na nilipokuwa nakunakilia nikaongeza tano kila moja. Ulitaka zinazotetemeka, nikaona basi namba ni zake kweli, mtetemeko ni wake, mimi nimeacha kitambaa kidogo tu ndani ya mshono. Ulipoandika kwamba mteremko unaweza kuwa sahihi na kimo kikawa uongo, nilidhani umeniona. Nilisoma mstari huo nimesimama. Halafu ukaniambia nivae kidude! Nikakivaa, kikasema 98, na hiyo niliandika kamili. Kidude hakikuwa na kosa.

Alipita themanini mwishoni mwa Juni. Tarehe ishirini na nane asubuhi ilikuwa 79, ishirini na tisa 78, na mashine inanguruma. Nilishika simu. Ilikuwa Jumatatu, na wewe Ijumaa una kitu chako. Nikahesabu: Ijumaa, Jumamosi. Nikasema atangoja. Niliirudisha simu mezani, Mungu ananiona, niliirudisha. Jumapili tarehe tano akaondoka, Jumatatu tukazika, Jumanne ukatua kwa tiketi uliyoibadili, na viatu vyako vipya.

Sikuambii ili unisamehe. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho, ikaja barua kwamba mama anaumwa. Niliitwa. Nilirudi nikamuuguza miezi saba akafa, na sikurudi chuoni tena, na hakuna aliyeniambia rudi. Baba yako alikuwa mtoto wa miaka kumi, alinishika sketi mlangoni nilipofika. Aliponifanya niahidi kwamba hutaitwa, hakunilazimisha. Niliahidi haraka kuliko alivyosema.

Sasa nakaa hapa nafikiria kwamba nilikukatia kwa kipimo changu mimi.

Shangazi yako


16 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mfukoni, naingia nayo kazini, natoka nayo. Mimi mzima. Tasnifu imepita, kama ulivyosikia, na wamenipa miaka miwili mingine hapa. Mtoto wa mwenzangu ameota jino.

Umeniandikia ukweli, na mimi nina wangu. Afadhali uwe umekaa.

Nilijua.

Jumapili ile ya tarehe ishirini na nne Mei, nilipopiga simu, baba aliniambia: "Niko," akavuta pumzi, "vizuri," akavuta pumzi, "soma." Maneno matatu, pumzi mbili. Mtu wa themanini na nane haongei hivyo. Nilikata simu nikafungua ile karatasi ya miraba. Nikakukumbuka wewe na sare zangu za shule, na ulivyoniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba kila kipimo unaongeza. Uliniambia, Shangazi! Mwezi wa pili uliniambia. Nikaanza kupunguza. Nilitoa mbili, mstari ukafika themanini katikati ya Agosti. Nikatoa tatu, ukafika mwishoni mwa Julai. Nikatoa tano, ukaangukia tarehe ishirini na tisa Juni, siku nne kabla ya kutetea kwangu.

Nikachukua kifutio nikaurudisha mstari Septemba.

Niliuambia moyo wangu kwamba sina ushahidi. Kwamba mtafiti hachezi na namba alizopewa kwa kuhisi. Ningeweza kukuuliza siku ile ile, kwa simu, neno moja tu. Sikukuuliza kwa sababu ungenijibu. Na barua yako ya mwisho wa Mei ilipofika na namba za 87 na 86, niliona zimekaa juu ya mstari, nikashukuru. Nilishukuru, unaelewa? Nilikuwa na siku kumi na moja na nilitaka ziwe zangu.

Tarehe tatu, mtahini mmoja aliniuliza nina uhakika gani na kimo cha mstari wangu. Nikamwambia mteremko nina uhakika nao. Akatikisa kichwa kwa kukubali, wote wakatikisa kichwa, maana ndivyo tunavyosema wote. Baada ya nusu saa wakaanza kuniita "Daktari", wakanipa juisi. Baba alikuwa hai bado. Alikuwa hai siku mbili zaidi, na mimi nilikuwa nimesimama na glasi ya juisi.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Uliongeza tano, mimi nikaziona nikaziacha. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nakuja ofisini, nakaa, nasoma mistari. Mikono yangu inafanya kazi, mimi mwenyewe sipo.

Nina swali moja, na hili sitalifuta. Uliniandikia Februari kwamba hakutaka niitwe. Naamini. Lakini Juni je? Mwishoni, aliniulizia?

Mwanao


7 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Paa limezibwa hatimaye, na nesi amehamishiwa kituo kingine, sasa jirani sina wa kumwita.

Nimekaa na swali lako siku nne. Nimeanza barua kwa kuandika hapana, nikaichana.

Alikuulizia. Alianza Jumatatu ya tarehe nane Juni, asubuhi, kabla sijampima. "Anakuja lini?" Nikamkumbusha alivyoniahidisha. Akasema anajua alichosema, anauliza unakuja lini. Nikamwambia Jumapili. Sikuwa nimepanga, ndilo neno lililotoka.

Akafurahi. Jumapili ilipofika akataka nimnyoe na nimkalishe kwenye kiti kinachotazama mlango. Alikaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, hakutaka kurudi kitandani kula. Jumatatu akauliza tena, nikamwambia Jumapili. Hakuninung'unikia, hakusema mbona ulisema. Aliuliza kila asubuhi, nami nilijibu neno lile lile na kumvalisha kidude. Nilimnyoa na kumkalisha kitini Jumapili tatu.

Ya nne ilikuwa ile tarehe tano. Nilimletea maji na wembe, nikamwambia leo ni Jumapili. Akayaangalia maji, akageuza uso ukutani. Nilisimama pale na beseni, nikingoja aulize.

Hakuuliza.

Shangazi yako